Pauni Nane Mkononi mwa Maiti

Sura ya Sita

Maiti ilikuwa imeshaondolewa, lakini foleni ilikuwa bado ipo.

Inspekta Rifaat Shandawili alisimama mbele ya ghala la gesi la Nazlat Sumbul, mikono mfukoni kwa baridi, akaitazama. Haikuwa foleni ya watu. Ilikuwa foleni ya mitungi mitupu, imepangwa tangu dirisha la ghala hadi kona ya msikiti, kila mmoja na kitambaa chake shingoni ili mwenyewe aujue: huu kipande cha shuka, ule mkono wa sweta kuukuu, mwingine soksi ya mtoto. Wenyewe walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara wakiota jua, wakimtazama polisi kama watu wasiotarajia jema kutoka kwake. Ndivyo mji ule ulivyoishi majira ya baridi. Mtu huenda zake kazini, mtungi ukamshikia zamu, na ole wake atakayeusogeza.

Aliyeuawa alikuwa Labib Zakhari, dobi wa mtaa wa kanisa. Kila Ijumaa, Waislamu walipokwenda kuswali, Labib ndiye aliyebaki kuilinda mitungi yao. Na kila Jumapili, Labib na wenzake wakiwa kanisani, Waislamu waliilinda mitungi ya Wakristo. Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha desturi hiyo. Leo watu walipotoka kwenye swala walimkuta amelala chini ya dirisha la ghala, kichwa kimepasuka. Wa kwanza kumfikia alikuwa Metwalli, muuza maharage ya ful. Alimpakata, mikono yake ikalowa damu. Na kwa kuwa jana yake Metwalli huyo huyo alipiga kelele mbele ya foleni nzima kwamba atamuua Labib kwa kumruka zamu, askari hawakuuliza la pili. Walimtia pingu pale pale, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Rifaat, hiyo kesi imejifunga yenyewe. Ugomvi wa foleni. Wakili wa serikali anafika alasiri, nataka akute kila kitu tayari. Mkristo kafa, Muislamu kakamatwa. Sitaki jua lizame watu wakiwa bado wanaulizana maswali."

"Kuna jambo moja, afande. Pesa."

"Pesa gani?"

"Maiti ilikuwa na pesa mkononi. Noti ya tano na sarafu tatu. Ameshika kweli kweli, daktari kamfumbua vidole kwa nguvu. Pauni nane."

"Kwa hiyo? Mtu kufa na pauni nane ni kosa la jinai?"

"Nane ndiyo bei ya serikali, afande."

Mkuu wa kituo akakata simu.

Bei hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya kijani juu ya mlango wa ghala, na chini yake onyo kwamba atakayezidisha atafungwa. Watoto wa Nazlat Sumbul waliijua kwa moyo. Ila tangu baridi ianze hakuna aliyeilipa. Barabarani mtungi ulikwenda kwa arobaini, ukiupata. Serikali ilikuwa imeishusha bei ya mtungi wa nyumbani kwa ajili ya maskini, na ile ya mitungi mikubwa ya biashara ikaiacha juu kwa ajili ya wenye nazo. Nia njema hiyo, hakuna anayebisha. Lakini gesi ni ile ile, na mwenye mabanda ya kuku ana vifaranga elfu kadhaa wa kupasha joto. Si mjinga wa kununua ghali kwa mlango wa mbele kile anachokipata kwa mlango wa nyuma. Basi kadiri sheria ilivyoirahisisha gesi, ndivyo maskini alivyozidi kutoiona.

Rifaat alijiuliza swali moja tu. Ghala limefungwa, mwenye ghala anaapa kuwa gesi haijafika kwa wiki mbili, mji mzima uko msikitini. Labib alikuwa anamnyooshea nani pauni nane?

Alikwenda kwenye gari la mahabusu. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la dawa, limeipa foleni mgongo, halina dirisha ila tundu dogo lenye wavu nyuma ya kiti cha dereva. Ndani ya tundu lile aliona jicho na kipande cha ndevu.

"Ami Metwalli."

"Afande! Kiatu changu kimeonekana?"

"Ulikuwa wapi saa ya swala?"

"Msikitini, wapi tena? Safu ya mwisho, mlangoni. Usiniulize nani kaniona. Nani anageuka nyuma kwenye khutba?"

"Ilihusu nini hiyo khutba?"

"Sasa unanisomesha chuo, afande?"

"Jibu."

Jicho likapepesa. "Karatasi ya khutba iliyotoka wizarani ilisema usafi wa mazingira. Umeme umekatika, vipaza sauti vimekufa, sheikh anatuhutubia kwa koo lake mwenyewe. Kasoma mistari miwili, kaikunja karatasi, katia mfukoni. Kasema, mnataka niwahubirie usafi, na watu hawana moto wa kuchemsha maji ya kuoga? Halafu kawalaani wanaoficha gesi, mmoja mmoja, bila kuwataja majina. Mzee wa watu kalia. Na mimi nikalia. Nikasema moyoni, Metwalli, jana umemtukana rafiki yako kwa sababu ya chuma kitupu. Nikatangulia kutoka nikamwombe radhi. Nimemkuta ana joto bado."

"Lakini jana ulisema utamuua."

"Mimi na Labib tunauana tangu darasa la kwanza. Nikimuua yeye, kanzu zangu atazipiga pasi nani? Na maharage yangu atayatukana nani?"

Rifaat alijua kitu kimoja: mtu huyu alitiwa pingu pale pale juu ya maiti, wa kwanza kutoka msikitini, na tangu hapo hakuzungumza na kiumbe. Hakukuwa na wa kumsimulia khutba. Aliisikia kwa masikio yake.

Alirudi kwenye foleni, akatoa ufunguo mfukoni, akaanza kugonga mitungi kuanzia nyuma. Ngo. Ngo. Ngo. Kila mmoja ulilia kitupu.

"Afande unabisha hodi?" Askari Zidan, kijana wa mwaka wa kwanza jeshini aliyepewa kumsaidia, alimfuata nyuma. "Hakuna mtu humo."

"Nyamaza, usikilize."

Ng'ambo ya barabara watu nao wakanyamaza. Walikuwa wataalamu wa sauti hiyo. Kila mwanamke mjini aligonga mtungi wake kila asubuhi kujua umebakiza siku ngapi. Rifaat akapita mtungi wenye kitambaa chekundu, wa pili kutoka mbele. "Huo wa Metwalli," mtu mmoja akasema. Akaufikia wa kwanza kabisa, wenye kitambaa cha bluu cha kupigia pasi, kimeungua pembeni. Wa Labib. Akagonga.

Du.

Akagonga tena. Du. Chini kabisa, kwenye duara la chuma linalokaa sakafuni, palikuwa na damu iliyoanza kuganda na unywele mmoja wa mvi. Juu, kwenye koki, sili nyekundu ya plastiki ilikuwa haijakatwa.

"Zidan, nani huleta mtungi uliojaa kwenye foleni ya mitungi mitupu?"

"Mwendawazimu, afande."

"Au mtu aliyekwisha kuununua."

Sasa picha ilimjia yote. Adhuhuri, mji ukiwa umeinama kuswali, lori lilikuja mlango wa nyuma kupakia gesi iliyodaiwa haipo. Labib akaona. Akaupitisha mtungi wake mtupu dirishani, akachukua uliojaa, akaufunga kitambaa chake, akatoa bei halali. Akapigwa au akasukumwa. Mara watu wakaanza kutoka msikitini. Muuaji hakuwa na nafasi ya kuurudisha ndani. Akaona pengo la kwanza kwenye foleni akaujaza, kwa sababu katika mji ule mtu anaweza kuua, lakini hawezi kuacha pengo kwenye foleni lisiulizwe.

"Simama hapa," Rifaat alimwambia Zidan. "Usiuguse. Tukiusogeza sisi, mawakili watasema tumeuweka sisi. Wakili wa serikali lazima aukute hapa hapa ulipo, na damu yake. Shingo ya Metwalli inaning'inia kwenye mtungi huu, umenielewa? Usiache mtu yeyote auchukue, hata aje mama yako."

"Mama yangu yuko Asiut, afande."

"Hata akija kutoka Asiut."

Haji Bassiuni, mwenye ghala, alikuwa ofisini kwake akiota moto wa mkaa. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba na tasbihi ndefu.

"Karibu, Inspekta. Nisamehe, sina hata chai ya kukupa. Gesi hakuna, natumia makaa kama babu yangu."

"Gari la mwisho lilifika lini, Haji?"

"Wiki mbili. Nenda kaulize ofisi ya ugavi."

"Nifungulie ghala nione."

"Wallahi ningekufungulia. Lakini ghala ni amana ya serikali, huingii bila mkaguzi wa ugavi. Na leo Ijumaa, mkaguzi yuko kwao." Akatabasamu kwa huzuni ya kununua. "Sheria hizi, Inspekta, zinatubana sote."

"Saa ya swala ulikuwa wapi?"

"Safu ya kwanza, nyuma ya imamu. Mahali pangu miaka yote."

"Sheikh kahutubia vizuri?"

"Vizuri sana. Usafi wa mazingira. Takataka, mifereji, mtu asitupe mizoga mtoni. Khutba inayofaa kabisa kwa mji huu."

Rifaat alipiga hesabu. Karatasi ya wizara hubandikwa mlangoni mwa msikiti tangu Alhamisi, na kila apitaye huisoma. Umeme ulikatika, vipaza sauti vilikufa. Aliyekuwa ndani alisikia laana. Aliyekuwa nje alijua karatasi tu. Na begani mwa kanzu safi ya Haji palikuwa na mchirizi wa rangi ya kijivu, rangi inayoachwa na mitungi kwenye mabega ya wapakiaji. Tajiri wa gesi hajabeba mtungi tangu apate mvi, isipokuwa siku ambayo hataki wapakiaji wengi waone.

Rifaat aliingiza mkono mfukoni. Alitoa noti ya tano na sarafu tatu, akaziweka mezani, moja moja.

"Hizi ni zako, Haji. Labib alikuwa anakulipa."

Tasbihi ikasimama. Haji Bassiuni alizitazama pesa zile, kisha akatazama ukuta, kisha akazirudia tena.

"Nane," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nane! Unajua mimi natoa ngapi kuushusha mtungi mmoja kwenye gari? Unajua dereva anataka nini, mlinzi anataka nini, yule wa ugavi anataka nini kila mwezi ili anione sina kosa? Serikali imenipangia bei ya kuuza. Ya kuishi hainipangii. Yule mwenye mabanda, Mheshimiwa, ananipa thelathini na tano taslimu. Nami nina mabinti wanne."

"Na Labib?"

"Alikuja na kanane kake. Nikamwambia, Labib, chukua, nenda zako, usiseme. Bure! Nilimpa bure, Inspekta! Akakataa. Anasema, mimi si mwizi, Haji, pokea bei ya serikali, na Waislamu wakitoka nitawaita waje nao walipe. Waje wote! Na lori limejaa ile gesi ya Mheshimiwa!" Alifunika uso. "Nilimsukuma tu. Akaanguka, mtungi ukamwangukia. Nilimsukuma tu, wallahi."

Simu ya mezani ikalia. Haji akaipokea.

"Ndiyo, Mheshimiwa... Yuko hapa... Ndiyo... Yote?... Kwa nane?... Sawa, Mheshimiwa. Mungu akuweke."

Alipoiweka chini uso wake ulikuwa umetulia. Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akasimama, akachukua bunda la funguo.

"Sikusema kitu, Inspekta. Umenisikia nikisema kitu? Gari la gesi limeingia sasa hivi mlango wa nyuma, Mheshimiwa kawafanyia wepesi watu wake. Niache nikawahudumie waja wa Mungu."

Rifaat alisogea kwenye dirisha dogo la nyuma. Lori lile lile lililopakia adhuhuri lilikuwa linapakua, na dereva bila shaka alikuwa tayari kula kiapo kwamba ndiyo kwanza amefika. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, walisema wazee. Wazee hawakuwahi kumwona mwenye mabanda akimrudisha kuku mzima kabla ya kuulizwa.

Si neno, alijiambia. Maneno ni upepo, lakini chuma ni chuma. Mtungi ule ulikuwapo nje kabla ya lori hili "kufika", una sili, una damu, na Zidan amesimama juu yake.

Kisha akasikia vigelegele.

Alitoka mbio. Dirisha la ghala lilikuwa wazi, na foleni ilikuwa inakwenda. Watu walisukuma mitungi kwa miguu, wakicheka, wakitaniana, wengine wakilia. "Nane! Kwa nane, jamani! Nifinyeni nione kama siamki!" Mbele, pale ulipokuwa mtungi wenye kitambaa cha bluu, palikuwa patupu. Wa kwanza sasa ulikuwa wenye kitambaa chekundu.

Zidan alikuwa anarudi kutoka mtaa wa kanisa, anapangusa mabega, uso unang'aa kama mtu aliyefanya jambo jema.

"Uko wapi?"

"Nimeupeleka mwenyewe, afande, wasiuibe njiani. Watu walisema zamu ya kwanza ni ya Labib, na zamu ya marehemu ni ya nyumba yake, ndiyo desturi. Walivyouinua wakakuta umejaa, wakasema dirisha limeshampa. Nikawaambia afande kakataza! Wakaniambia, wewe huna haya? Mjane hana moto wa kuchemshia kahawa ya msiba, wewe unalinda chuma?" Sauti ikaanza kumpungua. "Hakuja mama yangu, afande. Lakini wote walikuwa kama mama yangu."

Rifaat hakumpiga. Baadaye alijishangaa kwa nini hakumpiga.

Nyumba ya Labib ilikuwa imejaa wanawake wa dini zote mbili, wamevaa nyeusi tupu. Jikoni moto wa bluu uliwaka kwa nguvu chini ya sufuria kubwa. Mtungi ulisimama kando ya jiko, unang'aa, bado una maji. Wanawake walikuwa wameusugua kwa sabuni na majivu tangu koki hadi duara la chini, kwa sababu si adabu kuingiza damu ya mume kwenye nyumba ya mke. Sili ilikuwa imechomwa uani pamoja na takataka.

Demiana, mjane, alikuwa amekifunga kile kitambaa cha bluu mkononi.

"Watu wema, afande," akasema. "Wamemletea zamu yake." Akampa kikombe cha kahawa chungu. "Nimeambiwa mmemshika Metwalli. Si yeye."

"Najua si yeye, mama."

"Basi si mmwachie?"

Rifaat alikinywa kile kikombe chote, kwa kuwa kukikataa ni tusi. Kilimchoma hadi tumboni. Ushahidi wake wote ulikuwa umechemka mle ndani.

Wakili wa serikali alifika kabla ya alasiri kwisha. Alikuwa kijana aliyechoka, si mtu mbaya. Alimsikiliza Rifaat hadi mwisho, pale pale jikoni, akautazama mtungi, akautazama moto.

"Mtungi safi, Inspekta, na jiko linawaka. Unataka niandike nini?"

"Basi khutba. Metwalli aliisikia. Bassiuni hakuisikia. Muulize sheikh."

Wakarudi mbele ya ghala, wakamwita sheikh. Mzee alikuja akiburuta miguu, macho bado mekundu ya kulia. Ofisa wa wakfu, wa wizara ile inayotoa karatasi za khutba, alikuwa amekaa kwenye gari la wakili wa serikali, amekuja kwa sababu ya "hali ya mji". Sheikh alimwona.

"Sheikh, leo uliwahutubia watu juu ya nini?"

Mzee akatazama chini. Wote waliokuwa foleni walinyamaza, na kila mmoja ameshika mtungi wake uliojaa, na kila mmoja aliijua khutba ile, na dirisha bado lilikuwa wazi kwa wale wa nyuma.

"Usafi wa mazingira," sheikh akasema. "Kama ilivyo kwenye karatasi. Neno kwa neno."

Hakuna aliyemsahihisha. Rifaat aliwatazama uso kwa uso, wakageuka mmoja mmoja kuifunga mitungi kwenye baiskeli. Hakuwachukia. Alitamani angewachukia, ingemwia nafuu. Kwa jibu hilo moja Haji Bassiuni alikuwa amesema kweli, na muuza ful ndiye aliyebuni.

"Basi ndivyo," wakili wa serikali akasema, akatia saini.

Dereva aliwasha gari la mahabusu. Rifaat alikwenda kwenye lile tundu la wavu. Hakujua atasema nini, ila aliona ni aibu mtu yule aondoke bila kuambiwa neno.

"Afande!" Jicho likaja karibu. "Nasikia vigelegele. Gesi imekuja?"

"Imekuja, ami."

"Kwa ngapi?"

"Nane."

"Nane! Mungu mkubwa! Labib angeiona siku hii." Metwalli alicheka, kisha akakumbuka, akaacha. "Na mtungi wangu, afande? Ule wa kitambaa chekundu. Hawajautupa nje ya mstari?"

Rifaat aligeuka. Nyuma ya gari foleni ilikuwa imepita. Mtungi mtupu wenye kitambaa chekundu ulikuwa umewekwa kando ya dirisha, umeegemezwa ukutani kwa uangalifu, na kila aliyefika alipokea gesi yake na kuuacha pale pale, ili zamu ya mwenyewe isipotee hadi atakaporudi.

"Hawajautupa," akasema. "Umefika dirishani. Wewe ndiye wa kwanza."

"Alhamdulillahi," Metwalli akasema, na gari likaondoka naye.